Cheo cha Baba si Mtaji wa Mwana

Katika jamii nyingi za nchi hii mtoto wa kwanza wa kiume hakuhesabiwa kuwa mtoto tu; alihesabiwa kuwa mrithi. Yeye ndiye aliyepewa jina la wazee wa ukoo, yeye ndiye aliyeketi karibu na baba wakati wa mashauri, na siku baba alipofariki macho yote yaligeuka kumtazama yeye. Desturi hiyo ilikuwa na sababu zake. Ng'ombe walihitaji msimamizi, wajane na watoto wadogo walihitaji mlezi, na mji ulihitaji mtu wa kuujibia. Lakini desturi iliyofaa katika boma la ng'ombe haiwezi kuhamishiwa katika ofisi ya umma bila kuleta madhara. Ndiyo maana kila taifa huru limelazimika kujibu swali moja gumu: mtoto wa kwanza wa kiongozi anarithi nini kutoka kwa baba yake?

Mkoa wa Mara una sababu ya pekee ya kulitafakari swali hilo, kwa kuwa jibu la kwanza la Taifa lilitoka Butiama. Chifu Nyerere Burito aliwatawala Wazanaki wa Butiama tangu mwaka 1915 hadi alipofariki mwaka 1942. Uchifu ulibaki katika nyumba hiyo hiyo, na baadaye ukashikwa na Edward Wanzagi, ndugu yake Mwalimu kwa baba. Julius, mtoto wa Bi. Mugaya, hakuwa mrithi wa kiti. Alichopata ni nafasi ya kusoma: mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, mjini Musoma, kisha akaenda Tabora, Makerere na Edinburgh. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa jamhuri chini ya urais wake, sheria ilifuta mamlaka ya machifu. Mtoto wa chifu ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi siku utawala wa kurithishana ulipozikwa rasmi, na ndugu zake mwenyewe walikuwa miongoni mwa waliopoteza.

Basi watu wengi walidhani kwamba suala la urithi katika uongozi limekwisha. Halikwisha. Urithi una miguu mingi. Ukikatwa mmoja hutembea kwa mwingine. Kiti cha enzi kikiisha kufutwa, urithi hutafuta mlango wa pili, nao ni mlango wa mali. Mtoto wa kiongozi haambiwi tena kwamba atatawala baada ya baba. Anaambiwa kwamba atafanya biashara wakati baba angali anatawala. Mlango huu wa pili ni wa hatari kuliko ule wa kwanza, kwa sababu chifu alitawazwa hadharani na watu wote wakiona, lakini zabuni na leseni hutolewa katika chumba kilichofungwa.

Mtoto wa kwanza wa Mwalimu na Mama Maria ni Andrew Burito Nyerere, aliyebeba jina la ukoo wa kichifu. Wazazi wake walifunga ndoa mwaka 1953. Miaka miwili baadaye, nyumba ikiwa changa bado, baba aliacha kazi ya ualimu pale Pugu, na mshahara wake, ili aifanye kazi ya TANU. Kwa hiyo mwana huyo alizaliwa katika nyumba ya mwalimu, akakulia katika nyumba ya mpigania uhuru, na akawa kijana katika nyumba ya Rais. Kwa kipimo cha nchi nyingine za dunia, huo ulikuwa mwanzo wa utajiri mkubwa. Baba yake aliongoza serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi Novemba 1985, na akaendelea kuwa Mwenyekiti wa Chama hadi mwaka 1990. Katika kipindi hicho dola ilitaifisha mabenki, makampuni ya bima, viwanda na mashamba makubwa. Hakuna familia katika nchi iliyokuwa karibu na mali nyingi kiasi hicho.

Hata hivyo jina la mtoto huyo wa kwanza halikupata kuwa jina la kampuni kubwa, wala la benki, wala la mtandao wa biashara. Hakurithishwa shirika. Kiwanda cha nguo cha Musoma, MUTEX, kilijengwa katika mkoa wa nyumbani kwao wakati baba yake akiwa Rais, lakini kilikuwa mali ya umma, na aliyekifanyia kazi alilipwa kama mfanyakazi mwingine yeyote. Vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin ilipotokea mwaka 1978, wana wa Rais walikuwamo miongoni mwa vijana waliovaa sare za Jeshi la Wananchi. Na mwaka 1995, Mwalimu alipokuwa akiizunguka nchi kumpigia kampeni mgombea wa CCM, mwanawe Makongoro aligombea ubunge wa Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akashinda. Mtu anaweza kukubali au kukataa uamuzi wa kijana yule. Lakini hawezi kudai kwamba alipanda kwa ngazi aliyotengenezewa na baba.

Hali hiyo haikuja yenyewe. Ilitokana na mambo ambayo baba alianza kujitendea nafsi yake. Oktoba 1966, baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha pamoja na Miiko ya Uongozi. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Mtoto wa nyumba hiyo alijifunza miiko mezani, kabla hajaisoma gazetini.

Hapa ndipo wanaoishia kumsifu Mwalimu peke yake wanapokosea. Azimio lenyewe lilieleza kiongozi ni nani kwa madhumuni ya miiko ile: ni mtu na mkewe, au mtu na mumewe. Watoto hawakutajwa. Kwa maneno mengine, mtoto mkubwa wa kiongozi aliachwa nje ya uzio tangu siku ya kwanza. Kiongozi asingeweza kununua hisa kwa jina lake wala la mkewe, lakini maandishi hayakumzuia mwanawe mtu mzima. Kilichomzuia mtoto wa Butiama kilikuwa dhamiri ya baba yake, wala si kifungu cha maandishi. Na dhamiri, ingawa ni kitu chema kuliko sheria, ina kasoro moja kubwa: mwenye nayo akifa, huzikwa naye.

Pengo hilo halikuzibwa baadaye. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, katika kikao chake cha Zanzibar, ililegeza masharti ya miiko, na wanachama wakaruhusiwa kufanya shughuli za uchumi ambazo Azimio lilizikataza. Kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake, ya mkewe au mumewe, na ya watoto wake walio chini ya umri wa miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Sheria hiyo ni hatua njema, na Sekretarieti ya Maadili inayoisimamia inatajwa katika Katiba yenyewe. Lakini tazama mstari ulipochorwa. Mtoto wa miaka kumi, ambaye mali yake ni daftari na kalamu, anatangazwa. Mtoto wa miaka thelathini na mitano, mwenye kampuni, malori na akaunti, hatangazwi. Sheria inamtazama yule asiyeweza kufanya biashara na kumfumbia macho yule anayeweza.

Ili kuona uzito wa jambo hili inafaa kutupa macho ng'ambo ya ziwa. Maji yanayopiga miamba ya Musoma ndiyo yanayofika Kisumu na Bondo, na watu wa pande hizo mbili wamefanya biashara ya samaki na nafaka tangu zamani. Lakini baada ya uhuru dola mbili zilichagua njia mbili. Miaka minne baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1971, Tume ya Ndegwa ya Kenya ilipendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kumiliki na kuendesha biashara. Tanzania ilimwambia mtumishi achague kati ya ofisi na duka. Kenya ilimwambia anaweza kuwa na vyote viwili. Tangu hapo familia za wakubwa wa siasa zikawa pia familia za wakubwa wa biashara.

Hata nyumba ambayo kwa miaka mingi haikuwa upande wa serikali, ile ya Jaramogi Oginga Odinga, haikuepuka njia hiyo. Jaramogi, mwalimu wa Maseno, alianza biashara mapema: mwaka 1947 aliasisi shirika la akiba na biashara la Wajaluo, akikusanya hisa ndogo ndogo za wananchi wa kawaida. Mtoto wake wa kwanza wa kiume, Oburu Oginga, alisomea uchumi. Baba alipofariki Januari 1994 Oburu alichukua kiti chake cha ubunge cha Bondo, na mdogo wake Raila, ambaye pia alikuwa mwenye viwanda, akawa mkubwa wa siasa za Kenya hadi alipofariki Oktoba 2025. Baada ya hapo uongozi wa chama chao uliwekwa mikononi mwa Oburu. Kiwanda cha molasi cha Kisumu, kilichoanzishwa kwa fedha za umma na kukwama, kilikuja kuwa chini ya kampuni ya familia hiyo, na suala lake likajadiliwa katika siasa za Kenya kwa miaka mingi.

Si nia ya maelezo haya kuwahukumu akina Odinga. Familia hiyo ililipa gharama kubwa: baba aliwekwa kizuizini mwaka 1969, na Raila naye akafungwa miaka mingi bila kuhukumiwa. Hilo lenyewe ni fundisho. Pale ambapo biashara hupewa pumzi na siasa, siasa inaweza pia kuikaba roho. Jina linalofungua mlango leo, kesho hufunga. Mtoto wa kiongozi aliyejenga biashara yake juu ya cheo cha baba hana biashara. Ana mkopo wa muda, na mwenye kudai ni upepo wa siasa. Na pale ambapo kiti cha baba, kampuni ya familia na chama vinakaa chini ya paa moja, mwananchi hawezi tena kujua ni wapi utumishi unapoishia na maslahi yanapoanza, hata kama wahusika ni watu wema.

Mfano wa kutisha zaidi uko upande wa magharibi mwa bara letu. Nchini Guinea ya Ikweta, Teodoro Nguema Obiang, mtoto mkubwa wa Rais, alikuwa Waziri wa Kilimo na Misitu, naye papo hapo akamiliki kampuni ya mbao. Misitu ilikuwa chini ya wizara yake. Leseni zilitoka mkononi mwake. Alinunua jumba la fahari jijini Paris na magari ya kifahari kadha wa kadha. Mwaka 2017 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kutakatisha fedha zilizotokana na mali ya umma, na mwaka 2021 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ikaithibisha hukumu hiyo. Linalotia uchungu ni kwamba ilibidi mahakimu wa nchi ya mbali waseme yale ambayo mahakimu wa nyumbani hawakuyasema. Wakati huo wote mtuhumiwa alikuwa Makamu wa Rais.

Hapana shaka watakuwapo wa kuuliza: Je, mtoto wa kiongozi si raia? Ibara ya 22 ya Katiba inampa haki ya kufanya kazi, na Ibara ya 24 haki ya kumiliki mali. Kwa nini aadhibiwe kwa kuzaliwa? Wengine hukumbusha methali ya wahenga, kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta: mtoto aliyekulia katika nyumba ya mashauri makubwa atajifunza mambo makubwa, na si ajabu akifaulu.

Hoja hiyo ni ya kweli nusu. Kuzaliwa na kiongozi si dhambi, na Taifa linalowanyima watoto wa viongozi kazi halali litakuwa linafanya ubaguzi ule ule kwa kuugeuza upande. Mtoto wa waziri akilima pamba Bunda, akinunua mitumbwi na nyavu, akafungua karakana, akapata au akahasiriwa kama wenzake, huyo ni mjenzi wa Taifa na anastahili heshima. Lakini methali yenyewe inasema mwana wa mhunzi huvukuta. Yaani hushika viriba kwa mikono yake akatoka jasho. Haisemi kwamba husimama mlangoni akauza jina la mhunzi kwa wapita njia.

Tofauti basi ni hii. Biashara ni kuzalisha, kusafirisha, kuuza na kununua kwa hatari ya mtu mwenyewe. Udalali wa jina ni kitu kingine kabisa. Kijana hana ghala, hana mashine, hana ujuzi. Anaingizwa katika kampuni na mgeni mwenye mtaji kwa sababu simu yake inapokewa. Mgawo wa hisa anaopewa hakuulipia kwa fedha. Aliulipia kwa kitu kisicho chake. Alilipa kwa cheo cha baba, na cheo hicho ni mali ya wananchi. Huo ndio unyonyaji wenyewe, ingawa umevaa suti na kubeba mkoba.

Chama kilishaliona jambo hili zamani kuliko sheria. Katika ahadi anazozitoa, mwanachama huahidi kwamba cheo ni dhamana, na kwamba hatatumia cheo chake wala cha mtu mwingine kwa faida yake. Maneno hayo matatu, “cha mtu mwingine”, yamesemwa na mamilioni ya wanachama tangu siku za TANU, na wengi huyapita upesi. Lakini ndiyo yanayomfikia mtoto wa kiongozi. Azimio lilikomea kwa mke na mume. Sheria ya 1995 ikaongeza watoto wadogo. Ahadi ya mwanachama haikuweka mpaka wa umri wala wa ukoo. Inamgusa mwana, mkwe, mpwa, rafiki, na hata dereva.

Kinachotakiwa sasa ni kuifanya ahadi hiyo iwe sheria yenye meno. Kwanza, kiongozi atakiwe kutaja kampuni za watoto wake watu wazima zinazofanya biashara na taasisi iliyo chini ya mamlaka yake. Si lazima mali yote ya mtu mzima ianikwe. Inatosha pale inapokutana na fedha za umma. Pili, daftari la wamiliki litumike. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 kampuni zinatakiwa kuwataja kwa BRELA wamiliki manufaa, yaani watu hasa wanaofaidika nyuma ya majina yaliyoandikwa mlangoni. Bodi ya zabuni isiridhike na jina la kampuni. Iulize ni nani anayekula. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilofunguliwa ni sawa na lisilokuwapo. Tatu, kiongozi ambaye mwanawe ana maslahi katika jambo lililo mezani ajiondoe, na kujiondoa kwake kuandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Lakini sheria hutekelezwa na watu, na watu hao ndio watumishi wa umma. Mtoto wa mkubwa haendi moja kwa moja kwenye hazina. Huenda kwanza kwa karani. Ni afisa ardhi anayepima kiwanja, ni afisa biashara anayetoa leseni, ni mhasibu anayeandika hundi, ni afisa ugavi anayefungua bahasha za zabuni. Mtumishi anayekaa Nyakato mjini Musoma, akipanga chumba na kuhesabu siku za mshahara, ndiye mlinzi wa kwanza wa mlango huo. Anapoambiwa ati “huyu ni mtoto wa mzee”, mara nyingi mzee mwenyewe hana habari. Mtumishi hujipendekeza, faili hupita, na kosa huwa la watatu: kijana aliyeomba, baba aliyenyamaza, na mtumishi aliyeogopa pasipo kutishwa. Wakubwa wa idara wana wajibu wa kumlinda anayesema hapana kwa utaratibu. Mtumishi aliyehamishwa kwa kufuata kanuni ni hasara kubwa kuliko zabuni kumi.

Walimu nao wana sehemu yao. Darasani mtoto wa Mkuu wa Wilaya na mtoto wa mvuvi wa Mwigobero huketi dawati moja. Mwalimu akimsamehe mmoja kwa jina la baba na kumwadhibu mwingine kwa kosa lile lile, amewafundisha wote wawili somo ambalo hakuna mtaala utakaolifuta. Yule wa kwanza atajua kwamba jina ni fedha. Yule wa pili atajua kwamba haki ina wenyewe. Miaka ishirini baadaye watakutana tena, mmoja akiwa na bahasha ya zabuni na mwingine akiwa nyuma ya meza, nao watatenda kama walivyofundishwa.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963 kwa sheria ya Bunge, na mtoto wa chifu hakupinga. Uchifu wa zabuni na leseni hautafutwa kwa sheria moja, kwa kuwa hauna kiti kinachoonekana wala ngoma inayolia. Utafutwa na kiongozi anayemwambia mwanawe mapema kwamba ofisi si shamba la ukoo. Na mtoto anayekubali kupimwa kwa kazi yake. Na mtumishi anayesoma jina lililo katika faili kisha akaendelea kuuliza risiti, cheti na bei. Andrew Burito aliachiwa na baba yake jina ambalo anaweza kulitaja mbele ya mkulima yeyote wa nchi hii bila kuinamisha macho. Viongozi wenye watoto wajiulize kama wanawaandalia urithi wa namna hiyo.